Unauza kwenye trela? Paa lako si sakafu, bro

ILIKUWA Jumamosi alfajiri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ndani ya trela ya binamu yangu maji yalikuwa yakidondoka tone kwa tone, moja kwa moja juu ya gunia la unga.

Binamu huyu huuza chapati, maharagwe na chai kule Juja, karibu na hosteli za wanafunzi. Trela yake ni ile ndogo ya magurudumu mawili, moja kila upande, yenye dirisha kubwa linalofunguka juu na kaunta mbele. Wateja wake wa kwanza hufika saa kumi na mbili na nusu. Kwa hivyo alikuwa na haraka.

Hakuwa na ngazi. Alichukua kreti mbili za soda, akaziweka moja juu ya nyingine, akapanda. Mguu mmoja ukaenda kwenye gurudumu, mwingine kwenye kaunta, mikono ikashika ukingo wa paa.

Mama wa mboga wa hapo jirani alimwona akapiga kelele: “Wee kijana, shuka hapo! Utaanguka, mwanangu!”

“Sawa mathe, ni dakika mbili tu,” akajibu.

Hizo dakika mbili zilimgharimu wiki saba.

Paa lilikuwa limelowa, na kando ya bomba la moshi kulikuwa na utando wa mafuta ambao hakuwa ameuona. Kiatu kikateleza. Akajaribu kushika bomba, likang’oka. Alitua chini kwa mkono wa kulia, kifundo kikavunjika. Na kama unavyojua, chapati hazisukumwi kwa mkono mmoja.

Simulizi hii si ya kumcheka. Nilipomwomba ruhusa ya kuiandika alisema: “Andika bro. Labda kuna msee mahali anatafuta kreti saa hii.”

Na huenda yuko. Vijana wengi siku hizi wameingia kwenye biashara za trela: kuna wa kahawa, wa vibanzi, wa juisi, hata wa kunyoa. Fundi wa jua kali anakuchomea fremu ya vyuma, anaivika mabati au alumini, ndani anapiga mbao nyembamba, unaanza kazi. Tunapanga bajeti ya rangi, ya taa za kuwakawaka na ya spika. Bajeti ya kufikia paa huwa haipo kabisa.

Shida ni kwamba paa la trela ndogo linaonekana liko karibu. Kutoka chini hadi juu ni kama futi nane hivi, yaani karibu mita 2.5. Ukinyoosha mkono unakaribia kulishika. Ndiyo maana mtu anaona haya kuitisha ngazi kwa kitu kidogo hivyo.

Lakini futi nane zinatosha kuvunja shingo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za mapato ya chini na ya kati, kama yetu. Si wote walioanguka kutoka ghorofani.

Kwanza, usipande

Jambo la kwanza ambalo binamu yangu anasema sasa ni hili: mara nyingi huna haja ya kupanda kabisa.

Kama unataka tu kuona kuna nini huko juu, tumia simu. Ifunge vizuri kwenye ile fimbo ya kupigia selfi, washa video, inua juu ya paa na utembee nayo polepole kuzunguka trela. Kisha kaa chini, tazama video yako ukinywa chai. Utaona skrubu iliyolegea, gundi iliyopasuka, majani yaliyoziba njia ya maji na kutu inayoanza. Haya yote umeyaona miguu ikiwa ardhini.

Ukitazama, usitafute tundu juu tu ya mahali maji yanapodondokea. Maji huingia kwenye kiungo kimoja, yakafuata chuma au mbao ya dari, kisha yakatokea futi kadhaa mbele. Binamu alikuwa anakimbilia katikati ya paa kwa sababu unga ulilowa pale katikati. Kumbe maji yaliingilia pembeni kabisa, kwenye kona ambapo bati la paa linakutana na la ukuta. Kona hiyo angeifikia bila kukanyaga paa.

Sehemu zinazovuja zaidi ni zilezile karibu kwa kila trela: kona, viungo vya mabati, kuzunguka bomba la moshi au feni, matundu ya skrubu, na mahali nyaya za taa zinapoingilia. Nyingi ziko ukingoni.

Tena fikiria upana. Trela nyingi ndogo zina upana wa futi sita au saba. Ukisimama vizuri upande mmoja na kufikia futi tatu, kisha ukahamia upande wa pili na kufanya vivyo hivyo, umebakisha kipande chembamba tu katikati. Hicho unakifikia kwa brashi ya mpini mrefu.

Simama juu ya kitu cha kusimamia

Kreti si ngazi. Jerikani si ngazi. Kiti cha plastiki ndicho kibaya zaidi, maana mguu wake hukunjika bila kukuonya. Na gurudumu lenyewe ni la duara, limeundwa kuteleza na kuzunguka.

Kwa kazi ya kupaka gundi au kusugua, kitu bora ni jukwaa fupi kama lile mafundi wa rangi hutumia: miguu minne mipana, ubao mpana juu, na chuma cha kushikilia. Likiwa na urefu wa futi nne, paa la futi nane linakuwa kwenye kifua chako. Unafanya kazi kama mtu aliyesimama mbele ya meza.

Fundi aliyekuchomea trela anaweza kukuchomea na jukwaa hilo kwa vyuma vilevile. Mwambie miguu iwe imepanuka chini kuliko juu, na ubao ufungwe kwa bolti ili usicheze. Kama hela hazijafika, katika miji mingi utapata maduka ya vifaa vya ujenzi yanayokodisha ngazi na majukwaa kwa siku. Uliza bei sehemu mbili tatu, na ukodishe siku moja umalize kazi zote.

Ukitumia ngazi ya kukunja, ile ya umbo la A, ifungue hadi mwisho na ufunge vyuma vyake vya katikati. Usiikunje na kuiegemeza ukutani, haikuundwa hivyo. Usisimame kidato cha juu kabisa wala kinachofuata. Na usiitumie kuvuka kwenda juu ya paa, kwa sababu ukiisukuma kwa mguu kando inaanguka, na wewe uko njiani.

Ngazi ndefu ya kuegemeza ina hesabu yake: kila futi nne za kwenda juu, futi moja ya kutoka ukutani. Kwa paa la futi nane, miguu ya ngazi ikae futi mbili kutoka kwenye trela. Ukiiweka karibu sana itakurudisha nyuma, ukiiweka mbali sana itateleza chini. Kichwa cha ngazi kipite ukingo wa paa kwa kama futi tatu ili uwe na pa kushika, na ukifunge kwa kamba kwenye chuma imara. Usiiegemeze kwenye bomba la moshi, kwenye mfereji wa maji wala kwenye lile dirisha kubwa la mbele.

Ukiwa kwenye ngazi, tazama ngazi. Kila wakati viungo vitatu viwe vimeshika: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Vifaa usivibebe mkononi. Viweke kwenye ndoo, uvivute kwa kamba ukishafika. Na kitovu chako kisipite chuma cha pembeni. Kikianza kupita ujue umejinyoosha mno, shuka usogeze ngazi. Uvivu wa kushuka ndio huangusha wengi.

Trela nayo isimame

Hapa ndipo wengi hawafikirii. Trela ya ekseli moja ni kama bembea. Ikiwa haijafungwa kwenye gari, na ukaongeza uzito nyuma ya magurudumu, pua yake inaweza kuinuka ghafla. Jeki ya mbele peke yake haizuii hilo.

Kwa hivyo kabla hata ngazi haijaguswa, weka vizuizi vya mbao au mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu. Shusha miguu ya kona zote nne. Kama trela yako haina miguu ya nyuma, pigilia viegemeo imara chini ya fremu, si chini ya sakafu. Isukume kwa mkono. Ikicheza, usipande.

Zima stima. Funga gesi kwenye mtungi. Hakikisha hakuna mafuta yanayochemka ndani, maana ukianguka au ukitikisa trela, sufuria nayo itatembea.

Kisha angalia ardhi. Mvua ikishanyesha, mguu mmoja wa ngazi unaweza kuzama kwenye matope ukiwa tayari uko juu. Tandika ubao mpana chini yake.

Halafu inua macho. Mitaani kwetu nyaya za stima hupita kila mahali, na zile za sambaza hupita chini kuliko zote, nyingine zikiwa zimechunika. Ngazi ya alumini ikigusa waya kama huo, unakuwa wewe ndiye balbu. Hata ya mbao ikilowa haikuokoi. Kaa angalau mita 3 kutoka kwa waya wowote, ukihesabu pia urefu wa ngazi na wa brashi. Kama trela imeegeshwa chini ya waya, isogeze kwanza. Kazi ya paa inaweza kungoja.

Ukilazimika kukanyaga paa

Zipo siku ambazo lazima uende juu, labda kubadilisha feni ya katikati. Kabla hujapanda, muulize aliyeiunda: paa hili linabeba mtu? Asipokupa jibu la uhakika, jibu ni hapana. Bati jembamba juu ya mbao nyembamba linaweza kubonyea au kupasuka, na hapo umetoka kuziba tundu moja ukaacha mawili.

Kama linabeba, usitembee ukiwa umesimama. Tandika kipande cha plaiwudi ili uzito wako usambae, upige magoti, uende kwa mikono na magoti kama mtoto. Fuata mistari ya skrubu, kwa sababu chini ya skrubu ndiko kuna vyuma vya fremu. Usikanyage dirisha la plastiki la kuingiza mwanga. Usirudi kinyumenyume hata hatua moja. Usikae futi mbili za mwisho kabla ya ukingo bila sababu.

Viatu viwe vya raba, vikavu, vyenye kamba zilizofungwa. Slipa na gambuti zenye matope ziache chini.

Na usiwe peke yako. Mtu mmoja ashike ngazi chini, asishike simu. Kazi yake ni hiyo tu hadi ushuke.

Saa nayo ina maana. Alfajiri kuna umande, na bati lenye umande ni sawa na lenye sabuni. Saa saba mchana bati limepata moto hata mkono hauwezi kukaa. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ya siku kavu isiyo na upepo ni nzuri. Paa likiwa limelowa au mawingu yakiwa meusi, tandika turubai, lifunge kwa kamba kutoka chini, uendelee na maisha.

Mara mbili kwa mwaka

Hatari kubwa si paa, ni haraka. Anayepanda wakati mvua inanyesha na unga unalowa hana muda wa kufikiri. Dawa yake ni kupanda, au tuseme kukagua, kabla ya msimu.

Masika huanza Machi, na vuli Oktoba. Basi tenga siku moja Februari na nyingine Septemba. Piga ile video yako ya fimbo. Sugua mafuta kuzunguka bomba la moshi kwa maji moto ya sabuni na brashi ya mpini mrefu, ukiwa chini au kwenye jukwaa. Wauzaji wa vitu vya kukaanga mnanisoma: moshi wa mafuta hupanda, hupoa na kuganda juu ya paa. Hapo ndipo binamu yangu aliteleza.

Gundi ya zamani iliyopasuka ikwangue itoke kabisa. Futa, acha pakauke, ndipo upake mpya. Kupaka juu ya uchafu au unyevu ni kutupa pesa. Ukinunua silikoni, kumbuka kuwa rangi haishiki juu yake, wala gundi za aina nyingine hazishiki vizuri. Mwambie wa dukani unaiweka juani kwenye chuma, akupe inayovumilia jua na kutikisika.

Ukitumwa na mdosi

Kuna wewe ambaye trela si yako. Umeajiriwa kupika, halafu siku moja mdosi anakuambia, “Hebu ruka hapo juu uangalie maji yanatoka wapi.”

Una haki ya kuuliza ngazi iko wapi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake, iwe ni kiwanda ama kibanda. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huohuo nayo inampa mwajiri jukumu la fidia mtu akiumia akiwa kazini. Huna haja ya kugombana. Sema tu: “Mkubwa, nitapanda tukipata ngazi na mtu wa kuishika.” Akikuona mwoga, afadhali uonekane mwoga ukiwa na mikono miwili.

Na kama wewe ndiye mdosi, yule kijana wa kukuoshea vyombo si ngazi yako.

Mtu akianguka

Siku ile Juja watu walimkimbilia binamu yangu wakataka kumwinua asimame. Ni moyo mzuri, lakini ni makosa. Mtu aliyeanguka kutoka juu anaweza kuwa ameumia shingo au uti wa mgongo, na kumvuta kunaweza kumharibu zaidi. Mwache alivyo, mwambie asigeuze kichwa, mfunike apate joto. Kama kuna waya wa stima umemgusa, usimshike kabla stima haijazimwa. Piga 999 au 112, au laini ya Msalaba Mwekundu, 1199. Hata akisimama mwenyewe akacheka, apelekwe hospitalini. Kichwa kilichogongwa kinaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Binamu yangu alirudi kazini baada ya wiki saba. Katika muda huo wanafunzi walikuwa wamezoea chapati za mtu mwingine, na kodi ya nafasi yake ya kuegesha ilikuwa imelipwa kwa mchango wa familia. Nyumba nzima ilichanga, mimi nikiwemo.

Siku aliporudi, kabla ya kununua hata kilo moja ya unga, alienda kwa fundi wake akachomewa jukwaa la futi nne. Ile kona iliyovuja aliiziba akiwa amesimama juu yake, mchana mkavu, mimi nikiwa nimeshika chuma chini. Ilichukua dakika kumi na tano, na hakukanyaga paa hata mara moja.

“Nilikuwa na pesa ya spika,” aliniambia akifuta mikono, “sikuwa na pesa ya ngazi.”

Siku hizi jukwaa hilo hukaa nyuma ya trela, limefungwa kwa mnyororo na kufuli ili wa skrepu wasilipitie. Mama wa mboga hulikopa akitaka kufunga turubai lake. Lakini kila akilikopa lazima amwite mtu wa kulishikilia, la sivyo binamu hampi.